Udongo Usioliwa na Mchwa

Mzee Kondo alikuwa na sifa moja ambayo hata wasiompenda hawakumnyima: nyumba yake haikuliwa na mchwa. Kwa mtu wa mahali pengine hilo huenda likawa jambo dogo. Kwa mtu wa Morogoro, aliyetundika kalenda ukutani mwezi wa kwanza na kufika mwezi wa tatu akakuta imebaki misumari, si dogo hata kidogo. Majirani walijenga kwa miti ileile iliyotoka milimani, wakakandika kwa udongo uleule, na baada ya miaka mitano walikuwa wanaegemeza kuta kwa magogo. Yake ilisimama. Mgeni akija, Kondo alimpeleka kwenye nguzo ya pembeni, akaigonga kwa kidole, akamwambia asikilize mwenyewe.

Siri ya nyumba ile haikuwa siri. Tangu mwaka sabini na tatu Kondo alikuwa mfanyakazi wa bohari la dawa za kilimo, lile lililokuwa mali ya shirika moja la umma, nje kidogo ya mji. Mapipa na magunia yaliingia kwa lori yakatoka kwa lori, na kila jioni yeye ndiye aliyefagia. Maagizo yalikuwa kwamba masalio yale ya dawa yatupwe shimoni. Lakini nani anatupa kitu kinachoua mchwa, kunguni, viroboto na chawa kwa pigo moja? Kondo aliyatia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaenda nayo nyumbani.

Aliwapa watu. Hilo ndilo linaloniudhi kila nikimfikiria, kwa kuwa mtu mchoyo angewafikia wachache. Kondo hakuwa mchoyo. Akina mama walikuja na vijiko vyao, akawapimia, wakamwaga kwenye misingi, chini ya magodoro, kwenye pembe za vibanda vya kuku. Wanawe mwenyewe aliwapaka kichwani, mkewe akiwashika wasifurukute, kisha wakafungwa vitambaa mpaka asubuhi. Chawa walikwisha kweli. Paka nao hawakudumu katika mtaa ule, ila watu wana majibu yao ya tayari, wakasema kuna jirani mwenye mkono mbaya. Mwaka tisini na moja mke wa Kondo alifariki kwa maradhi ya ini akiwa na umri wa miaka arobaini na mbili. Walimzika kwao Mlali, na hakuna aliyeuliza mengi.

Kisha ukaja wakati wa kuuza kila kitu. Mashirika ya umma yakawekwa kwenye orodha, watangazaji wa redio wakajifunza kutamka ubinafsishaji bila kujikwaa, na mjini mitumba ikapangwa mpaka kwenye ngazi za ofisi zilizofungwa. Bohari likafa mwaka tisini na tano. Wiki ya mwisho meneja aliamuru mapipa yaliyokwisha muda yafukiwe nyuma ya ghala. Watu sita wakachimba mashimo, Kondo akiwa mmojawapo. Mapipa mawili yalipasuka wakati wa kuyasukuma, nao wakafukia hivyohivyo wakisonya, maana barua za kupunguzwa kazi walikuwa nazo mfukoni tayari.

Mwaka uliofuata ile mvua ya Elinino, kampuni moja ilinunua eneo lote. Ilitaka kupima viwanja vya nyumba, na katikati kuacha uwanja wa wazi wenye miti na mabenchi, watoto wacheze na wazee wapunge upepo. Manispaa ilikubali kwa sharti moja, kwamba udongo usafishwe kwanza. Ndipo akaja injinia Yakobo, mtu wa makamo aliyevaa buti za mpira hata siku za jua, akaulizia mtu anayejua kilichozikwa na mahali kilipozikwa. Kila aliyemuuliza alimtajia jina moja.

"Shikamoo, mzee," Yakobo alimwambia alipomkuta barazani. "Nimeambiwa ramani ya bohari ni wewe."

"Marahaba, mwanangu. Ramani ina miguu mibovu, lakini twende."

Kondo alimshangaza. Hakukumbuka mashimo yote, ila alijua namna ya kuyatafuta. Alitembea na sukari kwenye karatasi, akimwaga chembe chache kila hatua kumi, kisha akachuchumaa kungoja. Kwenye udongo mzima sisimizi walifika mara moja na kupanga foleni yao. Kwenye udongo wa dawa foleni ilikuja mpaka mahali fulani, ikasimama, ikazunguka kando, na sukari ikabaki peke yake. Pale Kondo alichomeka kijiti. Jioni vijiti vilikuwa thelathini na saba, na kile cha mwisho kilikuwa nje kabisa ya ua, pale ambapo wanawake walikuwa wakilima mchicha.

Majibu ya maabara yalirudi kutoka Dar es Salaam baada ya majuma mawili. Yakobo aliyasoma amesimama, halafu akaketi.

"Mzee, hii dawa nyeupe haiondoki kwa mvua. Inakaa ardhini miaka na miaka. Inaingia kwenye mayai ya kuku, kwenye maziwa ya mama. Mtoto anayetambaa ndiye anayeipata zaidi kuliko sisi tunaotembea."

Kondo alicheka. "Mimi nimeifagia miaka ishirini na mbili. Niko hapa."

"Ndiyo, uko hapa," Yakobo alijibu. "Mama watoto yuko wapi?"

 Kondo alisema kwamba jua limekuwa kali, afadhali wahamie kivulini. Kuanzia siku ile moyo wake haukutulia. Usingizi ulimpaa, na chakula kikamshinda.

Yakobo naye alikuwa na lake la kuficha. Kampuni haikutaka neno sumu litamkwe karibu na wanunuzi wa viwanja. Wafanyakazi waliambiwa kwamba ule ni udongo mbovu usiofaa kubeba nyumba, basi, na hata madereva wa matipa waliambiwa hivyo. Kondo aliombwa afunge mdomo mpaka kazi iishe. Alikubali haraka mno kwa mtu mzima. Kuusema ukweli wa udongo ule kungekuwa kusema na ukweli wa kopo la maziwa, nyumba kwa nyumba, kwa watu waliomwita baba.

Kazi ikaanza. Greda lilikwangua, watu wenye mavazi meupe na vitambaa puani wakachimba mapipa yaliyooza, na matipa yakabeba udongo kwenda kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, mbali na mji, kwenye shimo lililotandikwa nailoni nene. Kondo alikabidhiwa geti. Kwenda na kurudi machimboni ilikuwa saa moja na nusu kwa dereva mzuri, na Kondo, aliyezoea kazi ya bohari, alikuwa na saa ya kila safari kichwani bila kuandika.

Jumanne moja dereva aliyeitwa Stambuli alitoka na tipa lililojaa akarudi baada ya dakika arobaini. Akatoka tena, akarudi upesi vilevile. Safari tatu. Kondo aliona, akajiambia huenda barabara imechongwa. Barabara haikuwa imechongwa. Safari ya nne Stambuli alichukua saa moja na nusu kama kawaida, akapita getini akipunga mkono kwa furaha, mkono wa mtu aliyekutendea wema na anasubiri uugundue mwenyewe. Siku tatu nzima Kondo aliubeba ule mkono wa Stambuli kifuani bila kumuuliza mtu.

Ijumaa alikwenda kumtazama binti yake. Shukuru ndiye mtoto wake wa mwisho, muuza nyanya sokoni, mwanamke wa kazi asiyependa maneno mengi. Mumewe Dennis alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa miaka sita walikuwa wanajenga vyumba viwili kwenye kiwanja chao pembezoni mwa mji, tofali kwa tofali, katikati ya wahamiaji wa kila mkoa waliokuwa wanajenga vivyo hivyo. Paa lilikuwa limepigwa. Sakafu ya saruji ilimngoja Dennis. Kumbe Shukuru alikuwa ameshahama kwenye chumba cha kupanga na alikuwa analala mle tangu Jumatano.

"Karibu, baba. Shikamoo. Vua viatu, usinichafulie," alisema akicheka, maana hapakuwa na cha kuchafua, sakafu ilikuwa udongo mtupu. Lakini ulikuwa udongo ulioshindiliwa vizuri, umeinuka mpaka usawa wa mlango, wa rangi ya kijivu isiyokuwa ya ardhi ya huku. Hapa ardhi ni nyekundu.

"Kifusi hiki umekitoa wapi?"

"Huna habari?" Shukuru alishangaa. "Nilimsimamisha Stambuli barabarani. Nikamwambia mimi ni binti wa Mzee Kondo, mchwa wa huku wameshanilia fremu mbili za milango, kwa hiyo asinimwagie kifusi kingine chochote, nataka cha bohari. Akasema kwa heshima ya mzee, tripu tatu. Hakutaka hata soda. Majirani wananionea wivu mpaka basi."

Katikati ya chumba alikaa Mosi, mjukuu wa Kondo, wa miezi kumi. Alikuwa amejaza ngumi udongo na ngumi ile ilikuwa mdomoni.

 Kondo alinyoosha kidole.

"Mwondoe mtoto."

"Kuna nini?"

"Mwondoe kwanza, Shukuru. Mtoe nje."

Aliyasema yote pale uani, amesimama, macho yake yakiwa mlimani ambako mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Alisema habari za maabara, za maziwa ya mama, za watoto wanaotambaa. Hakujitetea. Shukuru alisikiliza huku akimsafisha Mosi mdomo kwa upindo wa kanga, na kila alipomaliza alianza upya.

"Wewe ulitupaka kichwani, baba."

"Ndiyo."

"Mama alikuwa anatushika."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ulijua lini?"

Hapo Kondo angeweza kusema uongo, na Mungu anajua alitamani. "Mwezi wa nane," alisema. Ulikuwa mwezi wa kumi.

Shukuru hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alimuogesha mtoto kwa maji ya ndoo, akamuogesha tena, akafunga nguo kwenye kitambaa. Alikuwa anakwenda Mlali kwa mama yake mdogo. Alipofika njiani akarudi hatua mbili.

"Mimi sina nyumba nyingine," alisema. "Utoe udongo wote. Nikirudi nikakuta hata kiganja kimoja kimebaki, nyumba hii utaikaa wewe, na Mosi hutamwona."

Kondo alianza kesho yake asubuhi na mapema. Alijifunga shuka puani, akachukua sururu, chepe na toroli la kuazima, akafukua peke yake. Tripu tatu za tipa si mchezo kwa mtu wa miaka sitini na mitano. Ndani ya chumba harufu aliyoizoea ujana wake wote, ile tamu kidogo inayoshika ulimi, ilimfanya atapike. Kwa mara ya kwanza maishani ilimtisha. Alichokitoa alikirundika mbele ya nyumba, kando ya njia, akakifunika kwa nailoni kubwa, maana mvua za vuli zilikuwa zinanukia na chini kidogo palikuwa na kisima cha watu wote. Kila ngurumo ikilia upande wa milima alisimama na kutazama juu, chepe mkononi.

Siku ya pili alikuja Anastasia, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mchangamfu kutoka Matombo aliyekuwa akiuza ndizi na mdalasini. Alisimama njiani na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, baba. Pole na kazi. Mbona unafukua kilichokwisha kujazwa?"

Nafasi ilikuwa pale, wazi kama mlango. Mtu angetamani kumshika bega na kumtikisa. Kondo aliinua shuka kutoka puani, akafungua mdomo, akamwona yule mwanamke anavyomtazama kwa adabu, akashindwa.

"Kimezidi," alisema. "Nasawazisha tu."

"Basi hiki cha nje hukitaki tena?"

"Kitachukuliwa," alijibu, akarudi ndani.

Siku ya sita, Alhamisi, chepe liligota kwenye ardhi nyekundu. Kondo hakuyaamini macho yake. Alikwangua pembe zote, akafagia kwa ufagio, akafuta kuta kwa maji, kisha akamwaga sukari kwenye vyumba vyote viwili na kuchuchumaa. Alingoja kwa muda mrefu. Sisimizi wa kwanza aliingia mlangoni, akazunguka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye sukari, na wa pili nyuma yake. Walipofika kumi mzee alianza kulia, akalia kama mtoto, akacheka katikati ya kulia. Mosi angelala humu. Shukuru angerudi.

Kabla jua halijazama alikuwa ofisini kwa Yakobo, udongo mpaka kwenye nyusi, akamweleza habari yote kuanzia kopo la maziwa. Yakobo alimwita Stambuli. Dereva yule alishangaa kwa dhati kabisa.

"Mlituambia udongo mbovu, injinia. Mbovu kwa kubeba nyumba, mlisema. Mimi nilijua wa sakafu hauna neno, na mzee nilitaka kumfurahisha."

Yakobo alimwangalia Kondo, na wote wawili waliinamisha macho. Alisema kesho alfajiri wangekwenda na tipa na watu wenye mavazi yao, wangebeba rundo lote mpaka machimboni, naye mwenyewe angekaa mbele na dereva.

Walifika saa moja asubuhi. Njia ilikuwa na utelezi wa umande, ukungu umefunika milima yote mpaka chini. Kondo alishuka kabla tipa halijasimama.

Rundo halikuwapo. Pale lilipokuwa palikuwa pamefagiliwa vizuri, mistari ya ufagio ikionekana, na nailoni ilikuwa imekunjwa mara nne na kuwekewa jiwe juu isipeperuke. Hakuna mwizi anayekunja nailoni.

"Wamekwenda nalo wapi?" Yakobo aliuliza kwa sauti ndogo.

Kondo hakuhitaji kuulizwa. Nyayo na alama za matoroli zilitoka pale zikitawanyika kushoto na kulia, nyingine zikivuka njia, nyingine zikishuka kuelekea kisimani, na karibu kila moja ilikuwa imedondosha udongo wa kijivu juu ya ule mwekundu. Alizifuata kwa macho nyumba baada ya nyumba. Mbele ya mlango wa kwanza palikuwa na karai tupu. Kwenye wa pili msingi ulikuwa umepakwa upya. Huko mbali mtu alikuwa anashindilia, na kishindo chake kilisikika polepole kwenye ukungu.

Kwenye nyumba ya tatu Anastasia alikuwa amepiga magoti kizingitini anakandika sakafu kwa mikono, udongo umechanganywa na maji vizuri, laini, umempanda mpaka viwikoni. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Alipomwona Kondo uso wake ulichangamka.

"Shikamoo, baba. Tuliona umekimwaga njiani na nyumba umeshaisawazisha, tukajua ni fungu letu. Shukuru alitusimulia enzi zako za bohari, namna ulivyokuwa unagawia watu wote bila kubagua. Basi jana jioni tukagawana kwa karai, sawasawa, hakuna aliyegombana. Wewe tumekuwekea makarai mawili pale nyuma, ukazibie pembe."

"Nyumba ngapi?" Yakobo aliuliza nyuma yake.

Anastasia akafikiri, akaanza kuzitaja kwa majina ya akina mama, akikunja vidole vyenye udongo. Vidole vya mkono wa kwanza viliisha. Vya mkono wa pili navyo vikaisha, akaanza tena kwenye wa kwanza. Wenye mavazi meupe walikuwa wameshuka kwenye tipa na watoto wa mtaa wamejikusanya kuwatazama.

Kondo alichuchumaa mbele ya kizingiti mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule mwanamke.

"Anastasia, mwanangu," alisema, "acha kwanza. Nawa mikono, uje nikwambie jambo."

"Nakuja, baba, siwezi kukusubirisha," Anastasia alisema. Maji yalikuwa mbali, akafuta mikono kwenye kanga aliyombebea mtoto, akaja.